Jina la biashara linalosikika, linaloandikika na kupatikana Google: ushauri wa fundi mabango

Mimi ni fundi mabango. Nilianza mwaka 2003 Tandika, Dar es Salaam, kwa brashi, rangi ya mafuta na ngazi ya mbao ya kuazima. Leo nakata stika, nachapa fleksi, yaani mabango ya plastiki, na kwa kuwa wateja waliniomba, nawafungulia pia wasifu wa biashara kwenye Google, ule unaoonekana kwenye ramani, na kukaa nao wanapojaza maombi ya jina BRELA, wakala wa Serikali wa usajili wa biashara. Kwa hiyo jina la mtu hupita mikononi mwangu mara tatu: ninapolipandisha juu ya mlango, ninapoliingiza kwenye ramani ya simu, na pale anaporudi kuniambia kwamba akitafuta biashara yake mwenyewe haioni. Hiyo mara ya tatu huniuma, maana mara nyingi tatizo lilikuwepo tangu siku aliyoniletea karatasi.

Kwetu jina husikika kabla halijasomwa. Mama anaona sare ya mtoto wa jirani imeshonwa vizuri, anauliza imetoka wapi, anajibiwa ndani ya daladala huku konda anaita abiria, na usiku akishaweka bando anaandika kile alichokumbuka. Jina linafaa pale alichoandika usiku kinapolingana na alichosikia mchana, na Google ikipewa neno hilo haina lundo la mambo mengine ya kumwonyesha kwanza. Kila ninachoshauri hapa chini kinatoka kwenye safari hiyo ya kutoka sikioni hadi kwenye kidole.

Nianze na dada mmoja wa Mbagala anayeshona sare za shule. Alikuja na jina kwenye karatasi ya daftari: Neema Classic Quality Fashion Collection and General Supplies. Fremu yake ina upana wa futi nane. Tulihesabu pamoja: herufi zaidi ya hamsini, ukiacha nafasi. Futi nane ni inchi 96, kwa hiyo kwenye mstari mmoja kila herufi ingepata chini ya inchi mbili. Sisi mafundi tuna kipimo cha mkono: inchi moja ya urefu wa herufi husomeka vizuri kwa umbali wa futi kumi hivi. Aliye upande wa pili wa barabara asingeona kitu ila michirizi ya rangi.

Nikamuuliza, “Dada, wateja wanakuitaje?” Akasema wanamwita mama wa sare. Nikampa simu yangu nikamwambia aandike neno Neema aone. Yakaja mapambio, mahubiri, na majina ya watu. Neema, Upendo, Baraka, Tumaini na Amani ni majina mazuri, na naelewa kabisa mtu anapotaka kumshukuru Mungu kupitia duka lake. Lakini maneno hayo yamebeba mengi mno. Ukiliweka lenyewe, unashindana na kila kwaya na kila binti aliyepewa jina hilo. Ukilipenda sana, libaki kama ujumbe mdogo chini ya bango, na jina la kuitia liwe jingine.

Basi tukageuza karatasi, tukaandika maneno ya kazi yake. Hatua hii usiiharakishe. Andika vifaa, vitendo, mahali, nyakati na hata harufu za kazi yako, kwa Kiswahili unachozungumza, hadi ufike maneno 30. Yeye alifika 34. Mengi tuliyafuta papo hapo, manne yakabaki.

La kwanza lilikuwa Kifungo. Fupi, lina picha, kila shati linacho. Tukaliandika kwenye simu: habari za mahakamani, kifungo cha miaka 30, kifungo cha nje. Mzazi anayetafuta sare akapokelewa na jela? Tukalifuta. La pili, Uzi. Herufi tatu tu, nililipenda mimi mwenyewe kwa sababu ya bango. Ila mtaani siku hizi uzi ni jezi, na ukilitafuta unakutana na uzi mpya wa Simba na uzi mpya wa Yanga. Huwezi kuzishinda hizo timu mbili kwenye simu ya Mtanzania. La tatu, Tarizi, na hapo kikwazo kikawa kingine: wapo wanaosema tarizi, wapo wanaosema darizi, na kamusi zinayajua yote mawili. Nusu ya wateja wangeandika jina ambalo halipo kwenye bango.

La nne lilikuwa Mstarini. Kila aliyesoma shule ya msingi hapa nchini anajua kusimama mstarini asubuhi, mwalimu wa zamu akipita kukagua kucha, nywele na sare. Neno lina sare ndani yake bila kuitaja. Jina alilolichagua mwishoni ni lake na sitalitaja, lakini nitaendelea na Mstarini kama mfano kwa sababu lina uzuri na kasoro zote mbili, na majina mengi yako hivyo.

Kasoro yake tuliiona kwenye jaribio la sikio. Hili ndilo jaribio ninalomfanyisha kila mteja, na halina gharama zaidi ya bando. Chukua watu 12 wasiojua mpango wako: jirani, shemeji, bodaboda wa kijiweni, kijana wa chuo, bibi, mteja wa zamani. Watumie ujumbe wa sauti WhatsApp ukilitaja jina mara moja tu, kwa mwendo wa kawaida, ikiwezekana ukiwa barabarani. Usilitamke herufi kwa herufi. Waombe wakuandikie walichosikia. Kesho yake, bila kuwakumbusha, waulize jina lilikuwa gani.

Majibu ya Mstarini: tisa waliandika sawasawa, wawili wakaandika Msitarini, mmoja Mstalini. Kesho yake kumi walilikumbuka. Msitarini hainisumbui sana, maana Google huweza kukisia neno lililokosewa kidogo ikiwa neno sahihi linajulikana. Ninachokiogopa ni kosa linalozaa neno jingine lililo hai.

Hapa Kiswahili kina mitego yake. Wapo wengi wetu ambao r na l hubadilishana mdomoni. Ukiita mgahawa wako Mahali Pazuri, yupo atakayeandika Mahari, na atapata mambo ya posa. Kula inaweza kuwa kura, na mwaka wa uchaguzi utafunikwa kabisa. Sauti dh na th ndizo hatari zaidi kwa sisi wa bara: ladha huandikwa laza, dhahabu huandikwa zahabu. Niliwahi kuandika bango la duka la nguo lenye neno Thamani. Wateja walisikia na kuandika samani, simu ikawapeleka kwenye maduka ya makochi na vitanda. Mwenye duka alikaa miezi kadhaa akidhani tatizo ni mtandao. Gh na kh nazo ziangalie, ghala na gala, khanga na kanga. Simaanishi kwamba maneno haya ni mabaya, wala simlaumu anayeyatamka kwa namna ya kwao. Nasema tu ukilichagua mojawapo, jaribu kwanza kuona wakosaji wanatua wapi.

Kiingereza kina mtego wake. Mimi sikizuii, lakini chagua neno ambalo mteja wako anaweza kuliandika akilisikia. Saluni moja nimeona ikiandikwa saluni kwenye mlango, saloon kwenye risiti na salon kwenye Instagram, na kila moja kwa simu ni kitu tofauti. Kubadilisha s kuwa x, au kuweka 4 badala ya neno, kunapendeza kwenye fulana, lakini kila unapolitaja jina itabidi uongeze maelezo: “kwa x, siyo s.” Kama jina linahitaji maelezo kila siku, utachoka wewe kabla ya mteja.

Sasa kuhusu Google yenyewe, kwa sababu hapa watu huuziwa maneno mengi. Mtu asiyekujua hatafuti jina lako. Anaandika kazi na mahali: sare za shule Mbagala, fundi friji Sinza, keki ya harusi Kimara. Ndiyo maana wengine wanashauri biashara iitwe hivyo hivyo, Sare za Shule Mbagala, iwe imekwisha. Nisingekushauri, na sababu ziko kadhaa.

Kwanza, jina la hivyo si la mtu. Mwenye fremu ya tatu kutoka kwako anauza sare za shule Mbagala vilevile, na sheria ya alama za biashara haiwezi kukupa wewe peke yako maneno yanayoeleza tu bidhaa ambayo kila mtu anauza. Pili, ukihamia Temeke au ukifungua tawi Kigamboni, jina linabaki linaelekeza watu Mbagala. Tatu, nguvu yake kwenye utafutaji ilishapungua: Septemba 2012 Google ilitangaza mabadiliko yaliyolenga tovuti hafifu zilizokuwa zikipanda kwa sababu tu anwani yake ina maneno yanayotafutwa. Na kwenye ramani, Google yenyewe inaeleza kwamba matokeo ya karibu hupangwa kwa mambo matatu: biashara inahusiana kiasi gani na kilichotafutwa, iko umbali gani na anayetafuta, na inajulikana kiasi gani. Umbali huwezi kuununua kwa jina. Kujulikana huletwa na watu kukutaja, kukupa maoni na kukutafuta kwa jina lako hasa, na hapo ndipo jina la pekee linapolipa.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hawalijui. Kanuni za Google zinataka jina kwenye wasifu liwe lile linalotumika kweli, kwenye bango na kwenye shughuli zako. Ukiingia kwenye simu ukaongeza maneno ambayo hayapo mlangoni, bei nafuu, bora kuliko wote, Mbagala Tandika Temeke, wasifu wako unaweza kusimamishwa. Nimemsaidia kaka mmoja kurudisha wake uliosimamishwa, tulihangaika wiki nyingi, na ulikuwa msimu wake wa mauzo.

Kwa hiyo ninachofanya ni kujenga jina la sehemu mbili tangu mwanzo: kichwa cha pekee na mkia unaosema kazi. Mstarini Sare za Shule. Zote mbili zinasajiliwa pamoja, zote mbili zinapanda kwenye bango, kichwa kwa herufi za inchi kumi na mkia kwa inchi tatu. Sasa maneno sare za shule yapo kwenye wasifu kihalali, kwa sababu ndiyo jina lenyewe. Mahali hupaweki kwenye jina. Panakaa kwenye anwani, kwenye maelezo na kwenye picha, na ukihama unabadilisha mstari mmoja tu.

Mfano mkubwa wa kichwa kilichotengenezwa vizuri tunao sote mfukoni. Pesa ni neno la kila mtu, ukilitafuta peke yake unapata dunia nzima. Safaricom walipoanzisha huduma yao Kenya mwaka 2007 waliweka herufi moja mbele, M ya simu ya mkononi, na M-Pesa ikawa kitu kimoja tu duniani, huku bibi asiyejua Kiingereza akielewa inahusu nini. Njia nyingine ni ya Bakhresa. Azam halielezi unga, wala juisi, wala boti, wala televisheni, na kwa sababu hiyo limeweza kuvibeba vyote. Ila jina tupu la namna hiyo linahitaji miaka na fedha za kulijaza maana. Mwenye fremu moja anahitaji mkia.

Na jina lako mwenyewe je? Mji wetu umejaa ushahidi kwamba jina la mtu hushika: watu wanashuka Mtoni kwa Azizi Ali, wanashuka Kimara kwa Msuguri, hata wasiowajua waliobeba majina hayo. Kwa fundi au daktari wa mifugo, ambaye mteja anamfuata yeye binafsi, nalikubali. Fikiria tu siku utakapotaka mbia, au kuuza biashara, au mwanao akiwa na jina tofauti.

Mkishapata kichwa na mkia, usinipigie simu bado. Yatafute majina hayo kwa utaratibu huu, siku moja, mahali pamoja. Andika kichwa peke yake kwenye Google, kisha kichwa na kazi yako, kisha kichwa na mji. Angalia ramani. Ingia Instagram na TikTok, na kumbuka Instagram inakubali herufi zisizozidi 30, hivyo jina refu litakatwa na utalazimika kubuni ufupisho ambao hakuna aliyeusikia. Angalia kama anwani ya .co.tz ipo wazi, hata kama tovuti utaijenga mwakani. Kisha ingia kwenye mfumo wa BRELA wa usajili kwa njia ya mtandao, unaoitwa ORS, utafute kama jina limeshachukuliwa au kuna linalofanana nalo. Utahitaji namba yako ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, kufungua akaunti. Maneno yanayodokeza kwamba biashara ni ya Serikali yaache.

Niliwahi kukubali kupaka bango kabla ya jibu la usajili, kwa sababu mteja alikuwa na haraka ya kufungua Jumamosi. Jina likarudi, lilifanana mno na la mwingine. Tulipiga msasa bango zima la bati, rangi mpya tukagawana gharama. Tangu hapo sipandi ngazi kabla sijaona cheti, na mteja akinuna namweleza kisa hicho.

Halafu uelewe cheti hicho kinakupa nini. Jina la biashara lililosajiliwa linakutambulisha wewe kama mwenye kufanya biashara kwa jina hilo. Ulinzi wa jina kama alama sokoni ni usajili mwingine, wa alama za biashara na huduma, ambao kwa Tanzania Bara hudumu miaka saba kwanza, kisha huhuishwa kwa miaka kumi kumi. Zanzibar ina wakala wake wa usajili, BPRA, na usajili wa bara haufiki huko. Kama unaanza na cherehani mbili, jina la biashara linatosha kwa sasa. Kama unatengeneza bidhaa yenye lebo itakayouzwa na watu wengine, sabuni, asali, viungo, usingoje, maana lebo ndiyo huigwa kwanza.

Baada ya usajili inakuja kazi ambayo haina raha, na ndiyo inayoharibu majina mazuri: kuandika jina lile lile kila mahali, herufi kwa herufi. Bango, risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi), muhuri, WhatsApp, Instagram, Google, na Lipa Namba, ile namba ya kupokelea malipo kwa simu. Hii ya mwisho watu huisahau. Mteja anapolipa, kabla hajaweka namba ya siri anaonyeshwa jina la anayepokea. Kama mlangoni kumeandikwa Mstarini na simu inaonyesha jina la mume wako, atasita, na wengine huondoka kimya. Omba Lipa Namba kwa jina la biashara. Na akaunti za mitandao zifunguliwe kwa namba na barua pepe yako wewe, hata kama kijana wa kukusaidia ni ndugu. Dada mwingine alinilia hapa kibandani kwa sababu aliyemfungulia ukurasa aliondoka na nywila, na wafuasi wote wakabaki kwenye jina asiloweza kuligusa.

Kubadilisha jina inawezekana, ila kuna gharama. Vibanda vya mawasiliano vimenifundisha hilo: kibanda kile kile kiliitwa Celtel, mwaka 2008 kikawa Zain, mwaka 2010 kikawa Airtel, na kila mara ilibidi rangi ianze upya. Kampuni kubwa ina fedha za kutangaza hadi watu wazoee. Ukilazimika wewe kubadilisha, weka jina la zamani kwa herufi ndogo chini ya jipya kwa mwaka mmoja, badilisha wasifu ule ule wa Google badala ya kufungua mpya ili maoni ya wateja yasipotee, na waambie wateja kwa sauti, mmoja mmoja.

Yule dada wa sare tulimaliza naye hivi. Bango lilipokauka, tukafanya uthibitisho wa Google, ambao siku hizi mara nyingi huombwa kwa video: unapiga video ya mtaa, ya mlango, ya bango jina likionekana, kisha unaonyesha kwamba wewe ndiye mwenye fremu. Alitembea kutoka barabarani simu mkononi, akasimama chini ya bango, akafungua kufuli kwa ufunguo wake, akaonyesha cherehani na sare zilizotundikwa. Jina la kwenye video, la kwenye cheti na la kwenye wasifu lilikuwa moja. Wasifu ulipokubaliwa tulichagua aina ya biashara, tukaweka picha sita, na saa za kufungua. Hizo saa nilimwambia aziangalie tena kila mwanzo wa Desemba, kwa sababu wazazi huanza kutafuta sare kabla shule hazijafunguliwa Januari, na hutafuta usiku watoto wakishalala.